Jiwe la Alama ya Chini

Mama anayeingia chumbani kwa bintiye bila kubisha huwa kuna kitu anakitafuta, na Jumanne hiyo Mwanarusi alikipata. Kilikuwa drooni, chini ya leso zilizokunjwa, ndani ya kisanduku chekundu kisichozidi kiberiti: ile pete ya mahari ya Leila, na chini ya pete, karatasi iliyokunjwa mara nne.

Pete aliijua. Wiki mbili nyuma Yahya, sonara kijana wa Ruiru, aliileta Thika pamoja na wazee wake, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Nikaha ilikuwa Ijumaa hiyo, siku tatu tu mbele. Karatasi ndiyo hakuijua. Aliikunjua akaipeleka dirishani. Ilikuwa ya Kizungu, yenye mhuri wa maabara moja ya ng'ambo inayopima almasi, na mchoro wa jiwe wenye mistari mingi kama ramani ya shamba lililogawanywa.

Mwanarusi alifika darasa la saba, na Kizungu chake kilikuwa cha kusoma kwa kidole. Rangi, nzuri. Usafi, mzuri. Kidole kikateremka mpaka kwenye ukataji wa jiwe, na hapo kikakuta neno alilolijua tangu utotoni, lile ambalo mwalimu alikuwa akimwandikia kwa wino mwekundu chini ya hesabu zake. Hafifu. Hakuna alama ya chini kuliko hiyo.

Akakaa kitandani.

"Amemletea mwanangu jiwe lililoanguka mtihani," akasema peke yake.

Akaiinua pete dirishani. Sasa ndipo alipoona, katikati ya jiwe, kitone cheusi kama tundu la sindano. Kumbe hata kutobolewa limetobolewa!

Usimcheke Mwanarusi, wewe mama unayesoma haya. Binti yake wa kwanza, Ikhlas, aliolewa Nairobi na mwanamume mwenye gari na maneno ya asali, na baada ya miaka miwili akarudi nyumbani na mtoto mgongoni na jino moja limetoka. Tangu siku ile Mwanarusi alikuwa akilala kama askari wa zamu. Aliapa mbele ya kaburi la mumewe kwamba wa pili hatadanganywa. Na mama aliyeapa hivyo akiona karatasi ya namna ile, hangoji kuuliza mtu.

Alifanya mambo mawili hata chai haijapoa. Kwanza alivuka barabara akampigia simu shemeji yake Uthman, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji. Huyo ndiye walii wa Leila, ndiye atakayemwozesha.

"Shemeji, mahari tunairudisha. Mwambie imamu baada ya adhuhuri, ndoa hakuna."

"Kuna nini tena?"

"Nitakueleza jioni. Wewe mwambie tu." Akakata.

Pili, aliifunga pete na karatasi kwenye pindo la leso, akamwita jirani yake Magdalene amsindikize Ruiru. Magdalene muuza mitumba alikuwa mwanamke mnene wa kucheka sana, na asingekubali kukosa ugomvi wa watu hata kama ni kwa kufunga kibanda chake siku ya soko.

* * *

Karakana ya Yahya ilikuwa chumba kimoja kando ya kinu cha kusaga unga, ukuta wake wote umepauka kwa vumbi la mahindi. Walimkuta ameinama juu ya meza, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, anakwangua bangili kwa tupa ndogo kama kijiti cha meno. Alipowaona alisimama haraka mpaka kile kioo kikaanguka.

"Asalaam aleikum, Mama! Karibu, karibuni. Mama Wangechi, habari yako?"

"Yangu ni mzuri," alisema Magdalene akikalia kreti ya soda. "Mzuri ya kungoja."

Yahya alimpa Mwanarusi kigoda chake mwenyewe, lakini kabla ya kukaa chini macho yake yaliruka kwenda mlangoni, nyuma ya migongo ya wale wanawake, yakatafuta, yakarudi matupu. Mwanarusi aliliona jicho hilo. Lilimpiga mahali ambapo hakutaka kupigwa, kwa sababu marehemu Ayub, mume wake, alikuwa akiutazama mlango hivyohivyo kila alipojua kwamba yeye yuko karibu kuja. Akaukaza moyo.

"Leila hakuja," akasema. "Nimekuja mimi."

"Ni mzima?"

"Ni mzima, na nataka aendelee kuwa mzima." Akafungua pindo la leso, akaweka kisanduku juu ya meza, kati ya koleo na taa ya chemli. "Kitu chako hicho. Tumerudisha."

Mlio wa kinu cha unga ulijaa chumbani. Yahya hakukigusa kisanduku. Alikitazama kama mtu anayetazama kiatu cha mtoto wake barabarani.

"Nimekosa nini, Mama?"

"Unaniuliza mimi? Soma!" Akaikunjua karatasi mbele yake. "Mimi si msomi, lakini hapo nimesoma. Ukataji, hafifu. Na tundu katikati! Yaani ulikwenda dukani, ukaambiwa hili ni zuri na hili ni baya, ukasema nipe baya, ni la yule binti wa mjane wa Thika, hawatajua!"

"Haiya!" Magdalene akajishika shavu. "Yahya, ni ukweli?"

"Karatasi ni ya kweli," Yahya akajibu polepole. "Niliijua kabla ya kununua. Na ni mimi niliyeiweka ndani ya kisanduku."

Hilo lilimtikisa Mwanarusi kidogo, maana mwizi gani huandika jina lake ukutani? Lakini alikuwa ameshapandisha hasira, na mtu aliyepanda ni kazi kushuka mbele ya jirani.

"Basi kwa nini ulinunua? Sema. Nakupa nafasi."

Masikio ya kijana yakawa mekundu. "Hilo siwezi kulijibu peke yangu."

"Unaona?" Mwanarusi akamgeukia Magdalene. "Unaona? Hana jibu. Haya, chukua kitu chako tuondoke."

"Samahani, Mama. Siwezi kukichukua."

"Ati nini?"

"Kutoka mkononi mwako siwezi." Sauti ilikuwa ya chini, ya adabu, macho yakitazama sakafu, lakini haikutetemeka. "Ningekuwa nimekupa wewe, ungenirudishia. Mahari ni ya Leila. Aliitaja yeye, ikafika kwake, ikawa mali yake. Hata babake angekuwa hai hangeweza kunirudishia bila yeye. Leila akija akaniwekea hapa," akafungua kiganja, kilichojaa makovu madogo ya moto, "nitapokea, na sitakusumbua tena. Lakini mpaka nisikie kwake."

Mwanarusi alilijua hilo. Madrasa alifundishwa, na siku ya harusi yake mwenyewe mama yake mzazi alikataa hata kuzishika zile bangili za mahari, akisema si zake. Miaka ishirini na sita baadaye, yeye amefungua droo ya mtu, amebeba mali ya mtu, ameileta mji mwingine kama aliyeokota barabarani.

"Mama Ikhlas," Magdalene akamnong'oneza, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka kwenye kinu. "Hapo amekushika."

"Nyamaza wewe."

Mlango ukasukumwa. Leila alisimama kizingitini, ushungi umekaa upande, kitabu cha chuo cha taipu kimebanwa kwapani, anahema kama aliyekimbia tangu Thika.

"Ikhlas amenipigia chuoni," akasema. "Ameniambia Mama ametoka na kisanduku changu."

Kisha akamwona Yahya. Walitazamana tu. Siku kumi na nne walikuwa hawajaonana, kama ilivyo desturi, na sasa walionana katikati ya aibu, kati yao meza na ile pete imerudishwa kama sufuria iliyoazimwa. Yahya alitikisa kichwa kidogo sana, kama kusema sikumwambia. Na macho ya Leila yakajaa machozi, kama kusema najua.

Mwanarusi alikuwa katikati ya macho hayo mawili na akajihisi kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake mara ya pili siku hiyo.

"Leila, mwanangu, usilie. Ni bora ujue sasa. Huyu kijana amekununulia jiwe lililo..."

"Hafifu. Najua, Mama. Nililichagua mimi."

Magdalene alisahau kufunga mdomo.

"Unasema?"

"Nililichagua mimi." Leila akajipangusa kwa ncha ya ushungi. "Muuzaji wa mawe alikuwa na mawili. Moja jipya, limekatwa kwa mashine, karatasi yake ilikuwa safi kutoka juu mpaka chini. Na hili, la zamani, limetolewa kwenye bruchi, pini ya pambo la kifuani, ya mama wa Kizungu aliyekuwa na shamba la kahawa. Yahya alitaka kuninunulia lile jipya. Amefanya kazi kwa huyo muuzaji kila Jumamosi miezi kumi na minne, Mama, kila Jumamosi, ili apewe moja. Akaniletea yote mawili hapa nichague. Akanisomea karatasi zote mbili, neno kwa neno. Akaniambia, hili watu watakucheka. Mimi nikasema, ni hili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesikiliza?" Leila hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyouma. "Tangu Ikhlas arudi, Mama, wewe unasoma kila kitu kabla hujamsikiliza mtu. Hata barua za chuo unazifungua."

Mwanarusi alimgeukia Yahya. "Nawe ulikaa kimya nikikutukana?"

"Lilikuwa jambo lake, Mama. Angependa kukuambia mwenyewe."

"Yahya," Leila akasema, "funga mlango. Mwonyeshe kama ulivyotuonyesha."

"Wee!" Magdalene aliruka kwenye kreti. "Mlango ulifungwa? Leila, mlifungiana?"

"Ikhlas alikuwa hapa, na mtoto wake, akilia maziwa," Leila akajibu, na kwa mara ya kwanza ncha ya mdomo wake ikacheka. "Hata ukitaka mapenzi huwezi."

Yahya akafunga mlango na kibao cha dirisha. Adhuhuri yote ikabaki nje. Akazima ile taa ndefu ya umeme iliyokuwa ikiwaka kama ya hospitali, akawasha kiberiti, akawasha chemli. Kutoka kwenye droo alitoa pete nyingine ya mteja, jiwe jipya la mashine, akaziweka zote mbili juu ya kitambaa cheusi.

"Yote mawili ni almasi," akasema. "Hii mpya ilikatwa kwa ajili ya taa za umeme. Ukiileta hapa inachoka, inatoa cheche ndogondogo tu. Hii ya zamani ilikatwa kabla ya umeme, na mtu, kwa mkono na kwa jicho. Pande zake hazilingani, ndiyo maana mashine ya maabara inaikataa. Inapima kama hii inafanana na ile mpya, na haifanani. Yule fundi alikuwa anafikiria moto. Na hili si tundu, Mama. Ni ncha ya chini, aliikata bapa ili isivunjike. Ukitazama kutoka juu unaiona kama kitone."

Mwanarusi akainama. Chini ya mwanga wa mafuta ya taa jiwe la Leila lilikuwa limeamka. Halikumetameta. Lilikuwa linawaka kutoka ndani, mapande makubwa ya rangi yakipokezana polepole, jekundu, la kijani, la maji ya machungwa, kama makaa ukiyapepea. Ile nyingine pembeni yake ilikuwa inapepesa kama tangazo la duka.

"Ikhlas alisema nini?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Leila akainama naye juu ya kitambaa. "Alilichukua lile la mashine, akaligeuzageuza. Akasema, langu lilikuwa linang'aa hivi hivi, na karatasi yake ilikuwa safi. Halafu akalirudisha. Akaniambia, chukua hilo lingine, mdogo wangu, na huyo aliyekusomea ubaya wake mwenyewe."

Hapo ndipo lile jiwe likamyeyukia Mwanarusi machoni. Alikuwa ameikumbuka siku ambayo karatasi ya pete ya Ikhlas ilipitishwa sebuleni kama cheti cha shule, kila mtu akaisoma, yeye mwenyewe akaisoma mara mbili. Hakuna aliyekumbuka kumsoma bwana arusi.

Kutoka msikiti wa Ruiru adhana ikaanza.

Mwanarusi akainuka kwa nguvu mpaka kigoda kikapinduka. "Ya Rabi! Uthman!"

"Ami amefanya nini?" Leila akashtuka.

"Nimemwambia amwambie imamu! Baada ya adhuhuri! Nimemwambia ndoa hakuna!"

Yahya akashika ukingo wa meza. Imamu akishaambiwa atatangaza. Msikiti ukishajua, Thika nzima imejua. Na binti ambaye mahari yake imerudishwa siku tatu kabla ya nikaha, nani atamwondolea jina hilo?

"Simu iko wapi?"

"Kwa posta, Mama!"

Basi watu wa Ruiru siku hiyo wakaona kitu. Mbele Leila, nyuma yake Mwanarusi, ameirudisha pete kisandukuni na kukishika ndani ya leso kwa mikono yote miwili, nyuma kijana mwenye aproni ya ngozi, na mwisho kabisa Magdalene, akitweta na kuita, "Ngojeni! Ngai, ngojeni, sarafu niko nazo mimi!" Kwenye kibanda cha simu palikuwa na mwanamume anamweleza mtu bei ya mbuzi. Magdalene alimtoa kwa bega.

Simu ililia mara sita. Mara saba. Mwanarusi alihesabu kwa midomo.

"Hardware."

"Shemeji! Ni mimi. Umeshaswali? Umemwambia?"

"Nimwambie nani?"

"Imamu!"

Mwanarusi alizeeka akingoja jibu. Kisha akamsikia Uthman akinywa kitu na kutua kikombe.

"Mwanarusi, wewe ndiye unayeolewa?"

"Eh?"

"Nauliza, wewe ndiye bibi arusi? Maana umenipigia asubuhi ati mahari tunairudisha. Tunairudisha sisi nani? Mahari ni yangu? Ni yako? Mimi ni walii wa Leila, na Leila sijamsikia. Nikamwambie imamu kitu gani, kwamba shemeji yangu ana hasira?"

Mwanarusi akaegemea kioo cha kibanda. "Hukumwambia mtu."

"Hata mke wangu sijamwambia, na huyo unamjua. Sasa nipe mtoto. Nilikuwa nimekusudia kumuuliza Alhamisi kama inavyotakiwa, lakini naona heri nimuulize leo, kabla hujanipigia tena."

Mwanarusi akatoka, Leila akaingia. Hakufunga mlango wa kibanda. Yahya alikuwa amesimama mbali, ng'ambo ya mtaro, mahali ambapo adabu inamruhusu kusimama, mikono nyuma, akijifanya anatazama baiskeli zilizoegeshwa.

"Naam, Ami... Ndiyo, niko hapa... Ni pete iliyomkasirisha Mama, ile yenye alama ya chini." Leila akacheka, kicheko chenye machozi, na macho yake yakavuka mtaro. "Kwa pete hiyo hiyo, Ami... Hapana, hakuna aliyenilazimisha." Kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye baiskeli: "Nimeridhika. Niozeshe kwa Yahya."

Yule wa mbuzi akapiga makofi. Yahya akazigeuzia uso zile baiskeli moja kwa moja, na mabega yake yakatetemeka.

Mwanarusi alisikiliza neno hilo likipita. Nimeridhika. Wiki zote hizo alikuwa amepima rangi ya shela, ameuliza kabila la nyanya zake Yahya, amekagua choo cha nyumba watakayopanga Mugutha, amesoma karatasi. Swali hilo alilouliza shemeji yake kwa simu, kwa dakika moja, yeye hakuwa ameliuliza hata siku moja. Alimngoja bintiye atundike simu. Akakifungua kisanduku, akaitoa pete, akaiweka kwenye kiganja cha Leila na kuvikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Unampenda?"

"Nampenda, Mama."

"Anakupenda?"

Leila akatazama tu ng'ambo ya mtaro. Mwanarusi akatazama naye, na akakaa chini pale pale kwenye ngazi ya posta, leso imemwanguka mabegani, akaanza kucheka na kulia kama mtu aliyeambiwa na daktari aende nyumbani, hana ugonjwa.

"Sasa wewe unalia nini tena?" Magdalene akamuuliza.

"Niache, Magdalene. Nimechoka kuogopa," akasema. "Mwite yule kijana avuke. Mwambie mama yake mkwe anamwita."